Somo: Pampu ya Kisima na Usingizi wa Jirani



Katika somo la safari hii tutazungumza juu ya chombo ambacho siku hizi kimo katika nyumba nyingi za wanachama wetu, nacho ni pampu ya umeme ya kuvutia maji kisimani. Hatutaeleza namna ya kuinunua, bali tutaeleza kelele zake na njia za kuzipunguza. Huenda mwanachama akauliza, "Jarida la wakulima wa karafuu lina kazi gani na kelele za pampu?" Twamwomba astahimili, asome mpaka mwisho, kwani jambo hili lagusa ujirani wetu, mifuko yetu, na hata roho za wachumaji wetu.

Pampu ilivyoingia nyumbani

Wazee wetu walichota maji kwa ndoo na kamba, na sauti ya kisima ilikuwa ni mlio wa kapi na maneno ya wachotaji. Mwaka 2010 waya wa umeme ulipitishwa chini ya bahari kutoka Tanga mpaka Pemba, na tangu hapo kisiwa kikaacha kutegemea mashine za dizeli za Wesha. Hivyo umeme unaozungusha pampu za Tanga ndio huohuo unaozungusha pampu za Wete, Chake Chake na Mkoani. Neema hii imeondoa taabu kubwa, khasa kwa akina mama na watoto. Lakini kila neema yataka adabu yake.

Wengi wetu tuna jamaa au nyumba Tanga, na upande wa Muheza karafuu hulimwa kama huku kwetu. Kwa hiyo tutachukua mfano wetu Tanga mjini, mtaa wa Ngamiani, mahali ambapo shida hii huonekana wazi kuliko shamba.

Ngamiani imepangwa kwa barabara zilizonyoka, zenye kuitwa kwa nambari zake. Nyumba zake nyingi ni za namna tuijuayo sote: baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba huku na huku, na ua nyuma. Uani ndipo penye jiko, choo na kisima. Maji ya mfereji yapo, nayo hutoka bwawa la Mabayani katika mto Zigi, lakini mwenye kisima hakiachi kisima chake. Sasa tazameni: nyumba hupeana mgongo, na ua wa huyu umepakana na ua wa yule. Mwenye pampu akilala chumba cha mbele, ukumbi mzima na milango miwili humkinga na kelele. Jirani wa nyuma hana kinga ila ukuta wa ua na dirisha lililo wazi kwa sababu ya joto. Basi pampu huwa karibu na kitanda cha jirani kuliko kitanda cha mwenyewe. Ndiyo maana mwenye pampu husema kwa dhati ya moyo, "Mbona haina kelele?"

Tena pampu nyingi hufanya kazi usiku. Jioni, watu wanapowasha taa, majiko na mafeni, umeme hupungua nguvu na pampu hushindwa kuvuta. Mwenyewe hungoja mpaka saa 5 au 6 usiku, au huiwasha kabla ya Alfajiri ili apate maji ya kutawadha. Kwa hiyo kelele huja saa ambayo kila kitu kingine kimenyamaza.

Msimu wa karafuu ukifika jambo hili huzidi. Nyumba hujaa wachumaji, maji hutumika mara mbili tatu zaidi, na pampu huvuma mpaka usiku. Mchana wamechuma, jioni wamechambua, na wanapojinyosha walale pampu huanza. Mkarafuu mkongwe hupita mita 10, na matawi yake ni mepesi kuvunjika. Mtu aliyekosa usingizi hupanda na macho mazito na mkono usiokamata sawasawa. Hatusemi kwamba kila aangukaye ameangushwa na pampu. Twasema kwamba usingizi wa mchumaji ni katika vyombo vyake vya kazi, kama kamba yake na ngazi yake.

Kelele hupita njia gani

Sauti ni mtikisiko. Mota ya pampu ya nyumbani huzunguka karibu mara 2,850 kwa dakika, na umeme wetu huitia mvumo wa mara 100 kwa sekunde. Mtikisiko huo hutoka kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni hewa: sauti huenda moja kwa moja mpaka sikioni. Njia ya pili ni vitu vigumu: hupita katika sakafu, ukuta na bomba, kisha hutokea chumba cha mbali. Mwenye nyumba akihisi kitanda kinatetema, au akisikia bomba la chooni linavuma na pampu iko nje, ajue kwamba hiyo ni njia ya pili.

Sauti hupimwa kwa desibeli. Ikizidi kwa desibeli 10, sikio huiona kama imezidi mara mbili. Shirika la Afya Ulimwenguni, katika mwongozo wake wa mwaka 1999, lilisema kwamba chumba cha kulala chataka sauti isiyopita desibeli 30 hivi ili mtu apate usingizi mwema. Pampu ndogo huweza kufika desibeli 70 kwa mtu aliyesimama mita 1. Mahali pa wazi, kila umbali ukizidi mara mbili sauti hupungua desibeli 6: mita 2 ni 64, mita 4 ni 58, mita 8 ni 52. Katika ua wenye kuta pande zote hupungua kidogo kuliko hivyo, kwa sababu kuta huirudisha. Dirisha lililo wazi halizuii ila kidogo. Basi jirani aliye mita 4 hupata sauti nyingi sana kuliko ile afaayo kulala nayo.

Kanuni tunayotaka mwanachama aikumbuke ni hii: kwanza tibu, pili tenga, tatu funika, na siku zote panga saa. Wengi huanza na kufunika. Hilo ni kosa, kwani kelele mara nyingi ni kilio cha pampu yenye ugonjwa. Ukiifunika hujaitibu, umeacha tu kuisikia mpaka siku itakayokufa.

Kwanza: Tibu

Kabla ya kutumia hata senti moja, keti karibu na pampu uisikilize tangu inapowashwa mpaka inapozimwa. Kila ugonjwa una sauti yake.

1. Sauti kama changarawe inayosagwa. Pampu iliyo juu ya kisima haivuti maji kama mtu avutavyo kamba. Huondoa hewa katika bomba, na uzito wa hewa ya nje ndio unaoyasukuma maji yapande. Kwa hesabu uzito huo hauwezi kupandisha maji zaidi ya mita 10, na kwa kazi za kila siku yafaa kuhesabu 7 tu. Ukiilazimisha pampu zaidi ya hapo, maji ndani yake hutoa mapovu ya mvuke bila ya moto, na mapovu hayo yakifika penye mgandamizo hupasuka kwa nguvu. Ndiyo changarawe uisikiayo, nayo hula chuma cha pampu kidogo kidogo.

Sauti hii huja khasa mwisho wa kaskazi, maji yanapozama kisimani, na baada ya masika hutoweka. Dawa yake ni kusafisha chujio la chini, kutumia bomba pana zaidi upande wa kuvuta, kupunguza kona za bomba, na kuisogeza pampu karibu na maji. Mwenye kufunga pampu yenye nguvu zaidi kwa kudhani ataponya, huongeza ugonjwa. Tena kwa visima vilivyo karibu na bahari, kuvuta kwa nguvu nyingi huweza kuleta chumvi katika maji, na chumvi ikishaingia kuitoa ni kazi.

2. Sauti ya kukohoa, na maji kutoka kwa vipande vipande. Hewa inaingia. Tazama viungo vya bomba la kuvuta, na valvu ya chini ambayo mafundi huiita futivalvu. Ikiwa kila asubuhi hulazimika kujaza maji pampuni kabla ya kuwasha, basi huenda valvu hiyo haifungi.

3. Mlio mkali wa kukwaruza. Beringi zimechakaa. Kata umeme, kisha zungusha feni ya mota kwa mkono. Ikikwaruza au ikicheza, fundi azibadilishe. Bei ya beringi ni ndogo kuliko ya mota. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

4. Mvumo mzito na pampu haizunguki. Zima mara moja, kwani mota itaungua. Mara nyingi kapasita imekufa, au umeme ni mdogo, au pampu imekwama kwa mchanga na kutu.

5. Kishindo kama cha nyundo pampu inapozimwa. Maji yaliyokuwa yakipanda yamerudi kwa ghafula na kugonga valvu. Mafundi huweka karibu na pampu valvu yenye springi, inayofunga kabla maji hayajapata mbio za kurudi. Bomba jembamba huongeza mbio za maji, na mbio huongeza kishindo. Kwa hiyo bomba la kupandisha nalo lisiwe jembamba mno.

6. Mtetemo wa bati au kifuniko. Kaza bolti. Hii ndiyo dawa rahisi kuliko zote, na wengi hawajaijaribu.

Onyo: usiguse pampu kabla ya kukata umeme. Pampu hukaa mahali penye maji, na maji na umeme havina msamaha. Hakikisha waya wa ardhi umefungwa na fundi aliye na ujuzi.

Pili: Tenga

Pampu ikiwa nzima, sasa izuie isitikise nyumba. Makosa tunayoyaona mara kwa mara ni matatu: kuifunga pampu ukutani kwa vyuma, kuiweka juu ya kifuniko cha kisima, na kuiunga moja kwa moja na bomba gumu.

Ukuta wa nyumba ni kama ngozi ya ngoma: ukiutikisa kwa pampu, chumba kizima hulia. Kifuniko cha kisima nacho ni hivyo, kwani chini yake mna shimo la hewa lenye kuta ngumu, na mvumo hurudi huku na huku ndani yake. Iteremshe pampu kutoka mahali hapo. Mimina jiwe la zege pembeni ya kisima, lisilogusana na ukuta wala msingi wa nyumba, na uzito wake uwe kama mara 3 ya uzito wa pampu au zaidi. Pampu ndogo haitaki jiwe kubwa. Mtu mmoja na ndoo mbili za zege hulimaliza kwa asubuhi moja.

Kati ya pampu na jiwe weka mpira. Mipira ya ndani ya magurudumu, ikikatwa na kupangwa matabaka manne au matano, yafaa sana. Mpira wa tairi lenyewe, ule wa kushonea katambuga, ni mgumu zaidi lakini ni bora kuliko kukosa. Kumbuka kwamba bolti ikibana chuma kwa zege, mtikisiko hupita katika bolti na mpira huwa bure. Basi weka washa za mpira chini ya nati pia, wala usikaze mpaka mpira ukabapa.

Upande wa kutoa maji, unganisha pampu na bomba kwa kipande cha mpira wa maji chenye urefu wa nusu mita hivi. Upande wa kuvuta mpira uwe wenye waya ndani, kwani ule mlaini hunywea na kufunga njia. Bomba linapopita ukutani, tundu liwe pana kuliko bomba, na nafasi ijazwe kwa katani au makumbi ya nazi yaliyopondwa, si kwa saruji. Vishikizo vya bomba navyo vitiwe mpira. Vitu hivi vyote vyapatikana Tanga na visiwani kwa fedha kidogo.

Tatu: Funika

Hapa tu ndipo tunapofikia kufunika. Ikiwezekana, kwanza isogeze pampu mbali na madirisha, ya kwako na ya jirani. Halafu jenga kizuizi cha matofali baina ya pampu na dirisha. Ukuta mzito huzuia sauti, na bati jepesi halizuii; bati huongeza mlio wake juu ya ule wa pampu. Kizuizi kiwe karibu na pampu, na kirefu kiasi cha kwamba mtu aliye dirishani asiione.

Ukipenda kuijengea kibanda kidogo, shika mambo manne. Mota hupozwa kwa hewa, kwa hiyo acha nafasi ya shubiri moja au mbili pande zote, na matundu mawili ya hewa, moja chini na moja juu. Matundu yaelekee upande usio na dirisha, na mbele yake weka tofali ili sauti ipige kona kabla ya kutoka. Ndani, kuta zitandikwe kitu chenye nyuzi kinachomeza sauti, kama mkeka mnene wa makumbi, lakini kiwe kikavu, kisiguse mota, wala kisikaribie viungo vya waya, kwa kuogopa moto. Na mlango ufungike barabara, kwani ufa wa kidole kimoja hutoa sauti nyingi.

Kisima chenyewe kiwe na kifuniko kizito siku zote. Hupunguza mvumo, na zaidi ya hayo huwakinga watoto.

Siku zote: Panga saa

Dawa hii haina gharama kwa mwenye tangi. Tufanye hesabu. Nyumba ya watu 8, kila mmoja akitumia lita 50 kwa siku, yataka lita 400. Pampu ndogo ikitoa lita 30 kwa dakika, hujaza tangi la lita 1,000 kwa dakika 34 hivi. Maana yake pampu yapaswa kulia nusu saa tu kila siku mbili, nayo iwe saa 3 au 4 asubuhi, umeme una nguvu na jirani yuko kazini. Maji ya Alfajiri yatakuwa yamekwisha kuwa tangini, yakishuka yenyewe bila ya sauti.

Wako wenye pampu zinazowaka zenyewe kila mfereji ukifunguliwa. Hizo hustarehesha, lakini mtu mmoja akinawa mikono saa 8 usiku huamsha nyumba tatu. Zikitumika kujaza tangi tu, shida hiyo huondoka. Tangi likiwa juu ya mnara wa mita 3 latosha kwa mifereji ya nyumba ya chini. Lakini lita 1,000 za maji zina uzito wa tani nzima. Mnara usijengwe kwa miti ya kubahatisha.

Mwenye kununua pampu mpya, na kisima chake kina maji ya kutosha, afikirie ile inayozama ndani ya maji. Bei yake ni kubwa zaidi, lakini maji huipoza na kumeza sauti yake, na ile shida ya mita 7 haimhusu.

Neno la tahadhari kwa walio shamba

Mashamba yasiyo na umeme hutumia pampu za petroli. Hizi zina kelele kubwa zaidi, na mtu hutamani kuzifungia ndani au kuziteremsha kisimani. Tunakataza jambo hili kabisa. Moshi wa petroli una kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, nayo huua mtu kabla hajatambua. Mtu akianguka kisimani kwa hewa hiyo, anayemfuata kumwokoa humfuata na katika mauti. Mashine ya petroli ikae nje, mahali pa wazi, mbali na kisima na kambi ya wachumaji, na ukuta wa kuzuia sauti uwe upande mmoja tu.

Ujirani

Kwa Tanzania Bara ziko kanuni za mwaka 2015 za kuzuia kelele na mitetemo, chini ya sheria ya mazingira ya mwaka 2004. Lakini shauri la pampu lisifike huko. Mwenyekiti wa mtaa Tanga, au sheha huku visiwani, ana kazi nyingi zaidi ya hiyo. Yafaa mwenye pampu aende mwenyewe kwa jirani wa nyuma, aombe ruhusa ya kuketi chumbani mwake, na mtoto awashe pampu nyumbani. Dakika tano katika chumba hicho zitamfundisha zaidi ya somo hili. Na jirani naye aseme mapema kwa upole, asiweke moyoni mpaka neno dogo likawa ugomvi wa miaka.

Maswali ya kuzungumza katika mikutano ya matawi

1. Kwa nini jirani husikia pampu zaidi ya mwenyewe katika nyumba zetu?
2. Pampu yalia kama changarawe mwezi wa Machi na kunyamaza mwezi wa Juni. Ina ugonjwa gani, na dawa yake ni nini?
3. Mtu ameweka mpira chini ya pampu lakini nyumba bado yatetema. Taja mahali patatu ambapo mtikisiko waweza kuwa unapita.
4. Nyumba yako yatumia lita ngapi kwa siku, na wakati wa uchumaji je? Pampu yako yahitaji kulia dakika ngapi?
5. Kwa nini ni haramu kuifungia ndani pampu ya petroli?

Mwanachama atakayefanya japo moja kati ya haya kabla ya msimu ujao, na ajaribu usiku huohuo: asimame uani kwa jirani yake, asikilize.